Tegi zisizo na betri, RFID, sensa zinazojichaji: ipi inafaa kwa mzigo wako? (uzi mrefu, vumilieni)

#1 MzeeWaGodauni

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Kila baada ya muda humu jukwaani anakuja mtu anauliza afunge nini kwenye mzigo wake ili ajue uko wapi na uko katika hali gani, na majibu huwa yale yale, mmoja atasema weka GPS, mwingine weka RFID (kitambulisho kinachosomwa kwa mawimbi ya redio), wa tatu anamwambia achana na mambo ya wazungu nunua daftari. Mimi riziki yangu iko kwenye kufunga hivi vitu, magodauni ya Dar na vituo vya kufungashia matunda huko Njombe na Iringa. Sasa siku hizi wauzaji wamekuja na wimbo mpya: tegi, yaani kile kitambulisho unachobandika kwenye mzigo, haina betri, haichajiwi, inapima joto yenyewe na inasomwa kwa bluetooth. Sio waongo jamani. Ila wanakupa nusu ya maelezo, nusu nyingine unaikuta kwenye bili.

Kabla hujauliza bei muulize muuzaji hivi: umeme unaoendesha hii tegi unatoka wapi, na ukikosekana tegi inafanya nini? Akianza kuzunguka mbuyu funga mazungumzo. Hakuna chipu isiyokula umeme, kuna chipu inayokula umeme uliolipiwa na mtu mwingine.

Tuanze na RFID ya kawaida, ile ya stika. Rida, yaani kile kisomaji, inapiga mawimbi, antena ya tegi inakamata kiasi, chipu inaamka na kujibu kwa kuyarudisha mawimbi yale yale ikiyachezesha kidogo, yaani yenyewe haitoi mawimbi yake. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. 1945 Warusi walimzawadia balozi wa Marekani pale Moscow nembo ya mbao ya nchi yake, ndani yake kuna kinasa sauti alichobuni Léon Theremin, hakina betri wala waya, kimetulia tu ukutani. Majasusi walikuwa wanakipigia mawimbi kutoka nje ya jengo ndipo kinaanza kufanya kazi. Kikaja kugundulika 1952! Mwenye umeme alikuwa nje, na RFID ya leo ni hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye namba maana bila namba tutabishana mpaka kesho. Rida za UHF, zile za kati ya megahezi 860 na 960, zinaruhusiwa kurusha nguvu ya wati 4 hivi ukijumlisha na antena. Mita 10 mbele tegi inapata kama maikrowati 30 (maikrowati ni wati moja ukiigawa mara milioni), na hapo hakuna kitu katikati. Chipu za kisasa zinaamka hata ukizipa chini ya maikrowati 10, kwa hiyo inatosha, lakini unaona mwenyewe nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi gani. Weka paleti, lile jukwaa la kupangia mzigo, katikati, geuza tegi ikae ubavu, kwisha habari.

Faida yake bei. Ukinunua kwa wingi tegi moja haifiki senti 10 za dola, rida inasoma mamia ya tegi kwa sekunde, hakuna betri ya kubadilisha, stika inakaa miaka. Kwa nguo na viatu hakuna kinachoishinda, ndio maana Zara na Decathlon wamejaza tegi kwenye kila kipande, na Uniqlo unatupa nguo kwenye sanduku mashine inahesabu yenyewe.

Ubaya wake maji na chuma. Maji yanakunywa mawimbi ya UHF, chuma kinayarudisha na kuivuruga antena. Parachichi ni maji matupu na mafuta kidogo. Tulipanga paleti ya zile katoni za kilo nne nne, kila katoni na tegi yake, tukapitisha getini. Za pembeni zote zikaitika, za katikati kimya. Ukitoa safu ya nje zile za katikati zinaanza kuitika, ujue tegi ni nzima, mawimbi ndio hayafiki. Dawa yake unaweka tegi moja ya paleti nzima, unaipachika pembeni ikiwa na nafasi kidogo ya hewa kati yake na tunda, orodha ya katoni inakaa kwenye kompyuta. Hapo unakuwa umekubali kwamba katoni moja moja huifuatilii tena, unafuatilia paleti.

Uzi bado unaendelea, nakula kwanza.

#2 Kijana wa Makambako

Nimekaa pale nasubiri muendelezo mkuu. Ila swali, hizo zinazopima joto bila betri zinafanyaje sasa kama maikrowati zenyewe ndio hizo? Mimi nilidhani bluetooth inakula sana, simu yangu nikiwasha tu chaji inashuka.

#3 Fundi Redio

Mzee ameanza vizuri ila asitishe watu. Umeme wa bure upo mazingira yetu yamejaa, jua, mtikisiko, joto. Naja.

#4 MzeeWaGodauni

Kijana umeuliza penyewe. Bluetooth wakati inarusha inahitaji miliwati kadhaa, lakini inarusha kwa muda mfupi sana, sekunde moja ukiigawa mara elfu ni vipande vichache tu. Kwa hiyo tegi inadunduliza. Inakamata mawimbi yanayopita kidogo kidogo, inajaza kapasita, kile kidude cha kutunza umeme kwa muda, ikijaa inapima joto inarusha ujumbe mmoja halafu inalala inaanza kudunduliza upya. Ukiwa karibu na chanzo cha mawimbi inasema kila baada ya sekunde chache, ukiwa mbali inasema mara moja moja, ukiwa mbali zaidi haisemi.

Wanaotajwa sana kwenye hii biashara ni Wiliot wa Israeli, walianza 2017, Amazon na Samsung waliweka hela mapema, 2021 wakapata dola milioni 200 zilizoongozwa na mfuko wa SoftBank. Oktoba 2025 Walmart, wale wenye maduka makubwa Marekani, wakatangaza wanazitandaza kwenye paleti, maduka 4,600 na vituo zaidi ya 40 vya usambazaji kufikia mwisho wa 2026. Huo sio mradi wa maonesho tena.

Lakini angalia walichofunga. Dukani na godauni kunawekwa vifaa vya kupiga mawimbi ya kuzilisha hizo tegi na vingine vya kusikiliza, vimechomekwa ukutani, kila baada ya mita kadhaa. Walmart umeme haukatiki, jengo ni lao, paleti inatoka jengo lao inaingia jengo lao. Tegi haina betri kweli, ila jengo zima limegeuka kuwa chaja. Haya, godauni lako la Vingunguti umeme ukikatika saa nne na jenereta linawashwa kwa ajili ya ofisi tu, nani atazilisha?

Na ni Walmart hawa hawa mwaka 2003 waliowaambia wauzaji wao wakubwa 100 kwamba kufikia Januari 2005 kila paleti na kila boksi liwe na tegi ya RFID. Tegi zilikuwa ghali, usomaji ulikuwa wa kubahatisha, wauzaji wengi hawakuona faida wanayopata wao, mpango ukafifia. Waliporudi baadaye walianzia kwenye jinzi, kitu kikavu kisicho na chuma kingi, ikakubali. Hawakuwa wajinga mara ya kwanza, walianzia tu kwenye bidhaa zote kwa mpigo.

#5 dada_parachichi

Samahani wakubwa naomba kuingilia, mimi sio mtaalamu ni mkulima na tunakusanya na wenzangu. Msimu uliopita mzigo wetu ulifika Ulaya umelainika, mnunuzi akakata hela, mwenye kontena anasema mashine yake ilikuwa sawa, mwenye lori anasema alipakia ukiwa sawa. Kila mtu ana karatasi yake, sisi hatuna. Hizi tegi za bei rahisi zingenisaidia?

#6 MzeeWaGodauni

Pole sana dada. Jibu ni hapana, na naomba wote muelewe kwa nini maana hapa ndipo hela za watu zinapoliwa.

RFID yenye sensa ya joto isiyo na betri inajua joto la sekunde ile inaposomwa, basi. Njombe inasomwa digrii 6, bandarini inasomwa digrii 6, karatasi safi kabisa. Usiku lori lilipolala Mikumi mashine ya baridi imezimwa ili kubana mafuta, tegi ilikuwa maiti, haikuona kitu, haina kumbukumbu. Na zile zinazodunduliza mawimbi nazo ni hivyo hivyo, ndani ya kontena la chuma lililofungwa katikati ya bahari hakuna wa kuzilisha na hata zingesema hakuna wa kusikia.

Wewe unachohitaji ni logger, kile kidude chenye betri na memori kinachoandika joto kila baada ya dakika kadhaa tangu ulipokibonyeza mpaka kinapochomekwa kwenye kompyuta kule. Teknolojia ya kizee, haina mbwembwe. Weka kimoja karibu na mlango na kimoja katikati ya mzigo, na kama una uwezo chukua chenye sindano kichome ndani ya tunda, kwa sababu kontena la baridi lenyewe linarekodi joto la hewa inayotoka na inayorudi kwenye mashine, halipimi nyama ya parachichi. Mzigo ukipakiwa una joto la shambani, hewa inaweza kusoma vizuri wakati tunda bado linaiva polepole katikati ya paleti. Halafu ile rekodi ya kontena ni mali ya mwenye meli, siku ya ugomvi utaipata kwa kubembeleza. Na tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema siku za baharini zimeongezeka, tunda lililoanza vibaya halina pa kujificha.

Kumbuka kuandika namba ya logger kwenye hati za mzigo mbele ya dereva, asaini. Bila hivyo watakuambia ilikuwa ya mzigo mwingine.

#7 Fundi Redio

Sasa nimekuja. Nakubaliana na mzee kwenye kontena, sikubaliani anavyoua habari nzima ya kujichaji. Kuna watu wanachanganya mambo mawili, kudunduliza mawimbi ya redio ambacho ndicho chanzo kinyonge kuliko vyote, na vyanzo vingine.

Sola. Kipande cha sola cha sentimita moja ya mraba juani Dodoma saa sita kinakupa zaidi ya miliwati 10. Kipande hicho hicho ndani ya godauni lenye taa za kawaida maikrowati chache. Tofauti ni mara elfu na ushee. Kwa hiyo kwa kitu kinachokaa nje, trela, behewa, kontena tupu yadi, kreti za soda zinazorudi, sola ndogo na betri ya kuchaji inaendesha GPS na LoRa (redio ya kurusha ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo) miaka bila mtu kugusa, na LoRa ikiwa na antena juu ya mnara unapata kilomita kadhaa.

Kubonyeza. EnOcean, kampuni iliyozaliwa Siemens 2001, wanatengeneza swichi za taa zisizo na waya wala betri, kidole chako kinapobonyeza ndicho kinachozalisha umeme wa kurusha ujumbe. Kitu kama hicho kwenye mlango wa kontena au geti, mlango ukifunguliwa unajitangaza wenyewe. Hiyo napenda sana.

Joto. Bomba la moto na hewa ya baridi, tofauti hiyo inatoa umeme, ila kwenye mzigo hakuna tofauti ya kutosha, hiyo ni ya viwandani.

#8 MzeeWaGodauni

Fundi kwenye sola na mlango nakupa tano. Mtikisiko umeukwepa?

#9 Fundi Redio

Sijaukwepa 😂 nilikuwa naogopa utauliza. Watu wanaona lori linavyorukaruka wanasema umeme mwingi huo unapotea. Shida vile vijenereta vya mtikisiko vingi vinatengenezwa viitikie masafa fulani tu, ukivifunga kwenye mota inayozunguka kwa mwendo mmoja vinafanya kazi safi, lakini barabara inatikisa hovyo hovyo kila aina, kinachokamatwa ni kidogo sana. Kuna zile za msuguano alizoanzisha Zhong Lin Wang na wenzake pale Georgia Tech 2012, maabara zinawasha taa nyingi kweli, kwenye mzigo wa biashara mimi bado sijaona mtu anayezitegemea.

#10 Mtu wa Kilindini

Niaje wasee, nawasoma kutoka Mombasa. Hamjataja kitu moja, hii njia ya kaskazini tayari iko na system. Kuanzia 2017 KRA, URA na RRA, watu wa ushuru wa Kenya, Uganda na Rwanda, wanatumia ile RECTS, kontena ya transit ikitoka huku kuenda Kampala ama Kigali inafungwa sili ya kielektroniki, iko na GPS na laini ya simu, kuna watu wameketi kwa skrini Nairobi, Kampala na Kigali wanaangalia. Dereva akiacha njia ama sili ikifunguliwa alarm inalia, wanatuma gari. Hiyo sili iko na betri ya kuchaji na inafanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtu kazi yake ni kuichaji na kuirudisha. Hakuna maajabu hapo, ni mpango tu. Ukiniuliza mimi betri si adui vile wauzaji wanasema.

#11 MzeeWaGodauni

Mkubwa umenena. Na niongezee hesabu. Ile betri ya saa ya duara, CR2032, ina kama miliampea-saa 220 kwa volti 3, ukigeuza ni nishati ya juli 2,400 hivi. Sensa iliyotengenezwa vizuri ikila wastani wa maikrowati 10, kwenye karatasi inafika miaka saba. Toa betri kujimaliza yenyewe na joto la Dar, sema miaka michache. Mzigo wako wa Ulaya uko njiani mwezi na kitu. Sasa hiyo "haina betri" inakuokolea nini?

Inaokoa pale ambapo vitu ni vingi mno kiasi kwamba hakuna mtu wa kuzunguka kubadilisha, au kinatupwa baada ya safari moja na hutaki kutupa lithiamu milioni moja kwenye dampo. Kwa Walmart mwenye mamilioni ya paleti hesabu inakubali. Kwa mtu mwenye paleti 20 kwenye kontena moja la futi 40, nunua betri ulale.

#12 Nesi wa Zamu

Nacheka maana sisi huku tuna sensa isiyo na betri wala mawimbi zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyeita mkutano. Kwenye kichupa cha chanjo kuna kimduara chenye mraba katikati, VVM. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara chanjo nzima, ukifanana rangi na duara au ukizidi weusi hutumii. Ilianza na chanjo ya polio ya matone 1996. Ni kemikali tu, inabadilika rangi kadiri joto linavyozidi na muda unavyokwenda, na haisahau, huwezi kuirudisha nyuma kwa kuweka kwenye friji. Mama kijijini unamwonesha anaelewa.

#13 MzeeWaGodauni

Nesi ubarikiwe. Hicho ndicho kitu ambacho tegi zote nilizotaja hazina, inakumbuka bila kulishwa na mtu yeyote. Udhaifu wake haikuambii ni saa ngapi wala ilikuwa mikononi mwa nani, na lazima jicho liifikie. Kuna watu wanaunganisha, stika ya rangi pembeni na tegi ya RFID, skana inasoma namba, mtu anaangalia rangi anabonyeza. Kwa vyama vya ushirika vya wakulima mimi naona hii ina mantiki kuliko vyote, ila haina faida nono kwa muuzaji ndio maana husikii ikitangazwa.

#14 Kijana wa Makambako

Na hereni za ng'ombe za serikali nazo ni RFID hiyo hiyo? Baba alikuwa anasema zinafuatilia ng'ombe kwa satelaiti 😅

#15 Fundi Redio

Mwambie mzee atulie. Hizo za kielektroniki ni za masafa ya chini, kilohezi 134.2 kwa viwango vya ISO, rida lazima uisogeze karibu na sikio, hata mita moja ni mbali. Faida yake masafa hayo hayasumbuliwi na maji, na ng'ombe ni maji, damu, tope na jasho. Akiibiwa hereni haikuambii yuko wapi, inakuambia ni wa nani akifika mnadani au machinjioni kwenye rida. UHF ingesoma kundi zima likipita lakini wakibanana, ni yale yale ya parachichi.

#16 dada_parachichi

Asanteni sana, nimeelewa. Kwa hiyo kwenye kontena logger mbili, na kreti zetu za plastiki zinazozunguka shambani na kituoni naweka RFID? Maana hizo ndizo zinazopotea kila msimu. Kuna kijana yuko Guangzhou anasema atanitumia rida ya mkononi na tegi, bei nzuri.

#17 MzeeWaGodauni

Ndio dada, kreti ni plastiki na zinapohesabiwa ziko tupu, hapo RFID ya UHF inaruka vizuri, mnasoma zikitoka kituoni na zikirudi, mnajua mkulima gani amebaki na ngapi. Chukua tegi ngumu za kupigiliwa rivet, stika zitabanduka kwenye kuosha.

Kuhusu kijana wa Guangzhou, usitume hela kwanza. Mwambie akupigie picha ya lebo iliyo nyuma ya rida. Kama imeandikwa megahezi 902 mpaka 928 hiyo ni ya soko la Marekani, na huku kwetu mitandao ya simu ya 900 iko humo humo, simu zinarusha kwenye 890 mpaka 915, utakuwa unagombana na minara na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wana haki ya kukufuata. Tafuta iliyoandikwa 865 mpaka 868, au inayobadilishwa kwenye menyu, na uwaulize TCRA kabla haijapanda ndege. Tegi zenyewe nyingi zinaitika masafa yote, hizo hazina shida.

Na mwambie arekodi video fupi akisoma kreti 30 zilizopangwa kama mnavyozipanga nyie, zimebebana. Sio moja mkononi.